Israel Putnam, jenerali mwenye baa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina la Israel Putnam hutajwa kwa sentensi moja tu katika vitabu vingi vya historia ya Marekani, tena kwenye kurasa za vita vya Bunker Hill, pigano la mwaka 1775 karibu na Boston mwanzoni mwa vita vya uhuru. Hapa tumekusanya maswali ambayo wasomaji huuliza baada ya kuisoma sentensi hiyo.

Kwa kifupi, alikuwa nani?

Alikuwa mkulima wa Connecticut, mwenye baa na nyumba ya kulala wageni, ofisa wa mgambo katika vita vya Waingereza dhidi ya Wafaransa, halafu mmoja wa meja jenerali wanne wa kwanza wa jeshi lililoipigania Marekani uhuru wake. Alizaliwa tarehe 7 Januari 1718, Salem Village, Massachusetts, mji ambao leo unaitwa Danvers. Alifariki tarehe 29 Mei 1790, Brooklyn, Connecticut. Askari wake walimwita Mzee Put.

Waandishi wengi huitaja baa yake kama kichekesho cha pembeni. Mimi naona ndiyo ufunguo. Ukielewa mwenye baa alikuwa nani katika kijiji cha New England, yaani makoloni ya kaskazini-mashariki, utaelewa kwa nini watu walimfuata Putnam bila kuuliza, na pia kwa nini alipokabidhiwa jeshi kubwa mambo yalimwendea kombo.

Brooklyn ipi? Ya New York?

Hapana. Ni kijiji cha mashariki mwa Connecticut, ambacho wakati huo kilikuwa parokia ya mji wa Pomfret na kilijitegemea mwaka 1786. Mkanganyiko huu una sababu, kwa maana mwaka 1776 Putnam alipigana pia katika Brooklyn ile nyingine, kwenye kisiwa cha Long Island, na huko alishindwa vibaya. Tutafika.

Salem Village si ndiko walikonyongwa watu kwa tuhuma za uchawi?

Ndiko hasa, mwaka 1692. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe hadi akafa. Ukoo wa Putnam ulikuwa katikati ya balaa lile: Thomas Putnam na binti yake Ann walikuwa mstari wa mbele kushitaki majirani. Lakini Joseph, baba yake Israel, ambaye alichangia baba na Thomas, alisimama upande wa waliopinga. Inasimuliwa kwamba kwa miezi kadhaa alikaa na farasi aliyetandikwa tayari, akatize msitu kama wangekuja kumkamata. Joseph alifariki Israel akiwa mtoto mdogo.

Kisa cha mbwamwitu ni cha kweli?

Kiini chake ni cha kweli. Mwaka 1739 Israel alimuoa Hannah Pope, na muda mfupi baadaye wakahamia Pomfret, ambako alinunua shamba kubwa pamoja na shemeji yake. Katika majira ya baridi ya 1742 kuingia 1743, mbwamwitu jike mmoja alikuwa akiwamaliza kondoo wa eneo lile. Alijulikana kwa nyayo zake, kwa kuwa alikuwa amekatwa vidole na mtego. Vijana wa kijiji walipokezana zamu kumfuata kwenye theluji hadi wakamkuta amejificha kwenye pango jembamba la mawe.

Mbwa waliingia wakatoka na majeraha. Moshi wa majani na salfa haukumtoa. Basi Putnam akafungwa kamba miguuni, akashika mwenge wa magamba ya mti na kutambaa ndani. Mnyama aliponguruma, walio nje walimvuta kwa hofu na haraka hata shati likampanda kichwani na mwili ukachubuka. Akarudi na gobore, akafyatua, akavutwa nje tena. Akaingia mara ya tatu akamtoa mbwamwitu kwa kumshika masikio.

Maelezo haya tunayapata kwa David Humphreys, aliyekuwa msaidizi wake vitani na aliyechapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1788, mzee mwenyewe akiwa hai. Humphreys alikuwa mshairi na alipenda kutia chumvi; hesabu yake ya mifugo 70 iliyouawa usiku mmoja mimi naipokea kwa tahadhari. Lakini pango lipo, na majirani walioshuhudia walikuwa bado wanaishi kitabu kilipotoka.

Mgambo wa makoloni ulikuwa jeshi la namna gani?

Usiwafikirie mgambo wa jiji wanaowakimbiza wachuuzi. Katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika, karibu kila mwanamume huru mwenye afya, kuanzia umri wa miaka 16, alilazimika kuwa na gobore lake, baruti na risasi, na kuhudhuria gwaride siku chache kwa mwaka. Kila mji ulikuwa na kombania yake. Nahodha wa kombania katika Connecticut alipendekezwa kwa kura za askari wenyewe, kisha bunge la koloni likamthibitisha.

Hapo ndipo tofauti kubwa na jeshi la mfalme. Ofisa wa Kiingereza aliweza kununua cheo kwa fedha, na askari wake hakuwa na la kusema. Ofisa wa mgambo aliongoza majirani, wadeni, binamu na watu waliokaa naye benchi moja kanisani. Akiwadharau, mwaka unaofuata hawampigii kura. Kwa vita vya mbali, koloni liliunda vikosi vya muda vya watu wa kujitolea, na maofisa wake wengi walitoka katika mgambo huohuo. Putnam aliingia vitani kwa njia hiyo mwaka 1755, akiwa na umri wa miaka 37.

Ilikuwa kawaida ofisa wa mgambo kuwa na baa?

Kawaida sana. Uwanja wa gwaride ulikuwa uwanja wa kati wa kijiji. Kanisa upande mmoja, baa upande wa pili. Mazoezi yakiisha, wote walivuka barabara kwenda kunywa, na ofisa aliyechaguliwa alitarajiwa kuwanunulia watu wake. Mwenye baa alikuwa na chumba kikubwa kuliko vyote kijijini, alipata habari kabla ya wengine, na alijua nani anadaiwa na nani.

Tena leseni haikutolewa kwa mtu yeyote. Connecticut iliamuru tangu mwaka 1644 kwamba kila mji uwe na nyumba ya kupokea wasafiri, na leseni ilitolewa kwa mtu mwenye heshima na mali, maana aliwajibika kwa vurugu zote zilizotokea ndani. Kwa hiyo orodha ya wenye leseni na orodha ya maofisa wa mgambo zilikuwa zikikutana. Asubuhi ya tarehe 19 Aprili 1775, mgambo wa Lexington, Massachusetts, ambako vita vya uhuru vilianza, waliosubiri jeshi la mfalme walikuwa wamekesha kwenye baa ya John Buckman, pembeni ya uwanja. Kule Bennington, wapiganaji wa milimani walipanga mambo yao katika baa ya Stephen Fay.

Si wote waliofurahia hali hiyo. John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili, akiwa bado wakili kijana alilalamika katika shajara yake kwamba baa ndizo zinazozaa magonjwa, tabia mbovu na wabunge.

Putnam alipataje baa yake?

Kwa ndoa. Hannah alifariki mwaka 1765, baada ya kumzalia watoto 10. Mwaka 1767 Putnam alimuoa Deborah Gardiner, mjane mara mbili. Mume wake wa kwanza, Ephraim Avery, alikuwa mchungaji wa Brooklyn. Wa pili, John Gardiner, alikuwa mmiliki wa kisiwa kizima karibu na Long Island. Deborah alikuwa na nyumba nzuri pale kwenye uwanja wa kijiji, na Putnam akahamia huko kutoka shambani.

Wakati huo alikuwa tayari mtu maarufu. Inasimuliwa kwamba askari wenzake wa zamani, jamaa wa mke na wasafiri wenye kutaka kusikia habari za vita walifurika hata chakula kikawa tatizo, na njia ya heshima ya kuwafanya walipe ilikuwa kutundika kibao nje. Kibao hicho kilichorwa picha ya Jenerali James Wolfe, shujaa wa Uingereza aliyekufa akiiteka Quebec mwaka 1759. Kwa hiyo baa iliitwa General Wolfe. Miaka michache baadaye mwenye baa hiyo akawa anawapiga risasi askari wa taji lilelile lililomtuma Wolfe, na haikuwa unafiki: walipokitundika kibao, watu wa Connecticut walijiona Waingereza kamili.

Ndani ya baa kama ile kulikuwaje?

Chumba cha mbele kilikuwa na moto mkubwa, mabenchi, na kaunta iliyozungushiwa nondo za mbao ambazo mwenye baa alizishusha usiku kufunga vinywaji. Bei ziliwekwa na serikali. Watu walikunywa ramu, pombe ya matofaa na bia. Kinywaji cha majira ya baridi kilichopendwa kilichanganya bia, ramu na sukari, kisha wakatumbukiza chuma kilichoiva motoni; kikachemka na kutoa povu na harufu ya kuungua. Ponchi ilitiwa kwenye bakuli moja, likazungushwa mkono kwa mkono na mdomo kwa mdomo.

Ramu yenyewe ilitokana na molasi ya visiwa vya Karibi, yaani miwa iliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Kila bakuli la ponchi pale Brooklyn lilikuwa na jasho hilo ndani yake, na hakuna mwanakijiji aliyekuwa hajui ramu inatoka wapi.

Kulala kulikuwa kwa kubanana. Mgeni hakukodi chumba, alikodi nafasi kitandani, na akiingia msafiri mwingine usiku wa manane alisogea. Asubuhi palepale palifanyika mnada, kikao cha mahakama au mkutano wa wakuu wa mji. Magazeti ya Boston na New London yalisomwa kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, na barua ziliachwa hapo zichukuliwe na yeyote anayeelekea upande huo. Anayesimama nyuma ya kaunta katika mahali kama hapo hujifunza kupooza ugomvi kwa mzaha na kumtoa mlevi nje bila kumfanya adui. Hata pale kanisani Putnam alikuwa na kazi ya kijijini hasa: jengo jipya lilipokamilika mwaka 1771, yeye kanali mzima ndiye aliyepewa jukumu la kugonga kengele.

Kabla ya baa alipigana vita gani?

Hapa pana mengi, na ni sehemu ninayoipenda kuliko Bunker Hill.

Alianzia mpakani mwa New York, Ziwa George na Ziwa Champlain, mahali ambapo Uingereza na Ufaransa ziligombea bara zima pamoja na washirika wao miongoni mwa mataifa ya wenyeji. Alipelekwa kufanya upelelezi pamoja na Robert Rogers, kiongozi wa wapiganaji wa msituni. Kazi ilikuwa kutembea usiku, kuhesabu mahema ya adui na kurudi hai. Katika ngome ya Fort Edward, moto ulipozuka jirani na ghala la baruti, alisimama akimwaga maji hadi glavu zikashikamana na ngozi ya mikono yake. Alipozivua, ngozi ilitoka nazo.

Tarehe 6 Julai 1758 alikuwa karibu na Lord Howe, ofisa kijana aliyependwa kuliko wote katika jeshi la Kiingereza, Howe alipopigwa risasi na kufa msituni karibu na Ticonderoga, ngome ya Wafaransa. Mwezi mmoja baadaye, Agosti 8, Putnam mwenyewe alitekwa. Walimfunga kwenye mti mapigano yakiendelea, na kwa muda mti ukawa katikati ya pande mbili, risasi zikipenya nguo zake kutoka mbele na nyuma. Kijana mmoja mpiganaji alijifurahisha kwa kurusha shoka dogo lipite karibu na kichwa chake. Mfaransa mmoja alimwekea bunduki kifuani. Ilipokataa kulia, akampiga tako la bunduki tayani. Usiku huo walimvua nguo, wakamfunga tena na kuwasha kuni kumzunguka. Mvua ilipunguza moto, kisha ofisa Mfaransa, ambaye Humphreys anamwita Molang, akapita katikati ya watu na kumfungua.

Alipelekwa Montreal akiwa hoi. Huko alimkuta mfungwa mwingine, Kanali Peter Schuyler wa New Jersey, aliyemvisha na kumpigania katika ubadilishanaji wa wafungwa. Inasemekana Schuyler aliwaficha Wafaransa cheo cha Putnam na kumweleza kama mzee wa kawaida asiye na faida kwao.

Aliendelea kupigana. Mwaka 1760 alikuwa na jeshi lililoichukua Montreal. Mwaka 1762 alikwenda kuizingira Havana, Cuba. Meli yake ilivunjika pwani kwa dhoruba, na askari wakafika nchi kavu kwa vyelezo walivyoviunda kwa mbao za meli. Waliponusurika na bahari, homa iliwasubiri, na wengi wa watu wa Connecticut hawakurudi. Mwaka 1764 aliongoza kikosi kuelekea Detroit wakati wa vita vya Pontiac, kiongozi wa wenyeji waliopigana na Waingereza. Yaani alipofungua baa alikuwa amevaa sare kwa takriban miaka 10, na uso wake ulikuwa na makovu ya kutosha kuwaweka wateja kwenye viti hadi usiku.

Aliingiaje katika siasa za uhuru?

Kupitia kodi ya stempu ya mwaka 1765, ambayo Uingereza ilitoza kwenye karatasi za makoloni. Putnam alikuwa kiongozi wa Wana wa Uhuru, kundi lililopinga kodi hiyo, katika mashariki ya Connecticut. Inasimuliwa kwamba alimwambia Gavana Thomas Fitch uso kwa uso: ukituzuia kuzifikia karatasi hizo za stempu, nyumba yako itakuwa vumbi baada ya dakika tano. Mwaka 1773 alisafiri hadi mto Mississippi na binamu yake Rufus Putnam, wakitafuta ardhi ambayo wapiganaji wa zamani waliamini wameahidiwa na taji. Ardhi ile haikupatikana kama walivyotarajia, na nadhani kisirani hicho kilichangia zaidi ya hotuba zozote.

Bandari ya Boston ilipofungwa na Uingereza mwaka 1774, aliswaga zaidi ya kondoo 100 kwa miguu kutoka Brooklyn hadi Boston kuwapa wenye njaa, akafikia nyumbani kwa Dkt. Joseph Warren, mmoja wa viongozi wa wapinzani wa Uingereza. Mjini alikutana na maofisa wa Kiingereza aliopigana pamoja nao zamani. Wakataniana kuhusu nani atampiga nani.

Ni kweli aliacha plau katikati ya shamba?

Habari za mapigano ya Lexington zilifika Brooklyn tarehe 20 Aprili 1775, kipindi cha kulima. Simulizi la kijiji lasema alikuwa shambani na mwanawe Daniel, akaacha ng'ombe kwenye plau na kuondoka na nguo alizovaa. Kwanza alikwenda Lebanon kuonana na Gavana Jonathan Trumbull, kisha akapanda farasi usiku kucha. Tarehe 21 alikuwa Concord, zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani, akiwa na umri wa miaka 57. Wanaume wa eneo lake walimfuata nyuma kwa makundi.

Baa ilibaki mikononi mwa Deborah. Baadaye alimfuata mumewe kambini, na alifariki mwaka 1777 huko kwenye milima ya mto Hudson.

Je, ndiye aliyesema "Msifyatue mpaka muone weupe wa macho yao"?

Amri hiyo inahusishwa na yeye, na William Prescott, kanali wa Massachusetts, na wengine pia. Yaelekea ilirudiwa na maofisa kadhaa mstarini, kwa kuwa ilikuwa maarifa ya kawaida ya wapiganaji wenye baruti haba. Siwezi kumpa mmoja wao taji.

Linalojulikana ni hili. Tarehe 17 Juni 1775, Prescott alikuwa ndani ya boma la udongo juu ya Breed's Hill, na Putnam alikuwa juu ya farasi akienda na kurudi kati ya hapo na Bunker Hill iliyo nyuma, akisukuma watu waende mbele na kujaribu kuchimba ngome ya pili. Alitaka majembe na sururu zihamishwe kutoka bomani. Prescott akamwonya kwamba watakaozibeba hawatarudi. Wengi kweli hawakurudi. Waingereza walipanda kilima mara tatu na mwisho wakakichukua baruti ya wakoloni ilipokwisha, lakini walipoteza 226 waliouawa na 828 waliojeruhiwa. Upande wa pili waliouawa, kujeruhiwa na kutekwa walikuwa takriban 450. Miongoni mwa waliopigana juu ya kilima walikuwamo watu weusi, akina Salem Poor na Peter Salem.

Nani alikuwa kamanda wa siku ile? Mwaka 1818 Henry Dearborn, aliyepigana pale akiwa nahodha, alichapisha makala iliyomshutumu marehemu Putnam kwamba alikaa nyuma bila kufanya kitu. Daniel Putnam akamjibu kwa hasira ya mtoto wa mzee aliyetukanwa, mashahidi wazee wakatafutwa, na malumbano yakaendelea kwa miaka. Jibu langu ni jepesi: hapakuwa na kamanda mmoja. Vikosi vilikuwa vya makoloni tofauti, na kila ofisa aliamuru waliokubali kumsikiliza. Putnam alisikilizwa na wengi, lakini si na wote, na wale aliowakemea pale Bunker Hill wajitokeze mbele hawakutoka.

Basi kwa nini wengine husema hakufaa kuwa jenerali?

Kwa sababu ya yaliyofuata. Bunge la makoloni mjini Philadelphia lilimpa umeja jenerali kwa kura za wote, jambo ambalo wenzake watatu, Artemas Ward, Charles Lee na Philip Schuyler, hawakulipata. Waliona jina. Lakini jenerali wa jeshi kubwa anasoma ramani, anapanga vyakula na kuwaamuru watu asiowaona, na Putnam alizoea kuongoza kwa uso na sauti.

Mwisho wa Agosti 1776 alikabidhiwa Long Island siku chache tu kabla ya mapigano, badala ya Nathanael Greene aliyekuwa mgonjwa na John Sullivan aliyeshika kwa muda. Tarehe 27 Waingereza walizunguka usiku kupitia njia ya Jamaica ambayo haikuwa na walinzi wa kutosha, wakatokea nyuma. Kumlaumu yeye peke yake si haki. George Washington mwenyewe, amiri jeshi mkuu, alilikagua eneo lile. Ila Putnam hakuonekana kuuliza swali ambalo mpelelezi wa mwaka 1757 angeliuliza kwanza: barabara ile inalindwa na nani?

Mwezi Septemba aliokoa maelfu ya askari waliokuwa wakikaribia kunaswa mjini New York, akiwapeleka kaskazini kwa njia za pembeni alizoonyeshwa na msaidizi wake kijana, Aaron Burr. Kazi ya aina hiyo, joto kali na farasi anatoka povu, ndiyo aliyoiweza.

Mwaka 1777 alikabidhiwa ulinzi wa mto Hudson. Mwezi Oktoba Jenerali Henry Clinton wa Uingereza alimhadaa kwa kushusha askari upande wa mashariki, na huku akivusha nguvu yake kubwa upande wa magharibi na kuziteka ngome mbili tarehe 6. Washington alipohitaji askari haraka, Putnam alichelewa kuwatuma. Kijana Alexander Hamilton, aliyetumwa kuwafuata, aliandika malalamiko makali. Uchunguzi wa kijeshi ulimwondolea Putnam hatia mwaka 1778, lakini hakukabidhiwa tena jukumu la ukubwa ule.

Ile barua ya jasusi ilisemaje?

Agosti 1777, watu wa Putnam walimkamata Edmund Palmer ndani ya mistari yao karibu na Peekskill. Clinton alituma ujumbe kwamba Palmer ni ofisa wa mfalme. Putnam alijibu kwa mistari michache: amekamatwa kama jasusi, amehukumiwa kama jasusi na atauawa kama jasusi. Chini akaongeza kwamba tayari amekwisha kuuawa. Ni barua fupi sana na labda pekee ambayo haimwaibishi kwa tahajia. Putnam alisoma shule kidogo mno, na shajara yake ya safari ya Mississippi inahitaji kusomwa kwa sauti ndipo maneno yaeleweke.

Na kisa cha ngazi za mawe?

Kilitokea Februari 26, 1779, Horseneck, sehemu ya Greenwich. William Tryon, gavana wa mfalme, alikuja kutoka New York na askari wengi. Putnam alikuwa na wachache. Aliwaambia wakimbilie kwenye kinamasi, na yeye akamtelemsha farasi kwenye genge kali lenye ngazi za mawe ambalo wapanda farasi wa adui hawakuthubutu kulifuata. Risasi moja ilitoboa kofia yake. Alikuwa anakwenda kuleta mgambo wa Stamford, na alirudi nao.

Majira yale yale ya baridi, kambini Redding, askari wa Connecticut waliokosa mishahara na nguo walijipanga waende Hartford na silaha zao kulidai bunge. Putnam aliwafikia kwa farasi, akawakumbusha wake zao na watoto wao, akawauliza kama wanataka kuharibu walichokijenga, kisha akawaamuru warudi mahemani. Walirudi. Lakini msidhani alikuwa mpole tu: mwezi Februari alisimamia kunyongwa kwa jasusi na kupigwa risasi kwa kijana mtoro, vyote juu ya kilima kimoja, siku moja.

Kuna kisa cha pambano la pipa la baruti. Tukiamini?

Inasemekana ofisa wa Kiingereza alimwita wapigane, Putnam akapendekeza wote wawili wakae juu ya pipa lenye utambi unaowaka, na Mwingereza alipokimbia ikabainika pipa lilijaa vitunguu. Mimi siamini. Kinafanana mno na porojo za baa, na huenda ndiko kilikotoka.

Maisha yake yaliishaje?

Desemba 1779, akiwa njiani kurudi jeshini Morristown, alipata kiharusi kilichompooza upande mmoja. Hakurudi vitani. Aliishi miaka 10 zaidi Brooklyn, akitembea kwa shida na akipenda kusimulia. Mwaka 1783 Washington alimwandikia barua ya kumshukuru, na familia yake iliitunza. Alipokufa, mchungaji Timothy Dwight alimwandikia maneno ya kaburini yenye kusema kwamba alithubutu kuongoza popote ambapo mtu yeyote alithubutu kufuata.

Wageni walimega jiwe la kaburi vipande vipande kuchukua kumbukumbu, hata mwaka 1888 mabaki yake yakahamishiwa chini ya sanamu ya farasi iliyochongwa na Karl Gerhardt, katikati ya Brooklyn.

Leo mtu anaweza kuona nini?

Pango la mbwamwitu lipo katika hifadhi ya Mashamoquet Brook, Pomfret. Ni jembamba kuliko unavyolidhania ukisoma. Kambi ya Redding ni hifadhi ya jimbo yenye jina lake, na mafungu ya mawe yaliyobaki ya vibanda vya askari bado yanaonekana kati ya miti. Greenwich wametunza baa ya zamani ya Knapp, ambayo sasa huitwa nyumba ndogo ya Putnam. Jiwe la kaburi lililomegwa liko jengo la bunge la Connecticut, Hartford, na kibao cha Jenerali Wolfe kiko kwenye makumbusho ya historia katika mji huohuo. Nenda majira ya joto ukiweza. Theluji ya mashariki ya Connecticut haina huruma, na njia ya kushukia pangoni huteleza.